Mtawa Katika Chumba cha Uani

Katika Kiswahili chetu cha pwani neno “mtawa” halikuanzia kwa watu wa majoho. Bibi zetu walitawa. Msichana akivunja ungo alitawishwa, akakaa ndani, asionekane na asiyemhusu mpaka siku ya kuolewa. Na mke wa heshima aliendelea kukaa utawani hata baada ya arusi, akitoka usiku kwa buibui, na mtu wa kumfuata. Mavyaa wangu ni katika kizazi cha mwisho kilichoyapitia hayo, Mji wa Kale, Mombasa. Nalitaja neno hili mapema kwa kuwa ndilo lililokuja kufungua mlango ambao mimi na mume wangu tulishindwa kuufungua, mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2015, tulipokuwa tukiishi Leicester, Uingereza, na mtawa wa Kibuddha akawa mgeni wetu kwa siku nane.

Urafiki ulikuwa wa mume wangu. Siku ya kukaribishwa wanafunzi wapya wa uzamifu, profesa mmoja wa kike alimnyoshea mkono. Yeye akaweka kiganja kifuani na kuomba radhi. Aliyemfuatia katika safu alikuwa kijana wa Sri Lanka, kichwa kimenyolewa, joho lake rangi ya bizari, naye akafanya vile vile. Wakatazamana, wakacheka. Chakula kilipoletwa, saa saba na nusu mchana, wote wawili hawakula: mmoja kwa kuwa nyama haikuwa ya halali, mwengine kwa kuwa jua lilikwisha kupinduka. Watu wawili waliokaa na njaa meza moja huzungumza mengi. Tangu siku hiyo mume wangu akawa akimwita “Bhante”, neno la heshima kwa lugha ya Kipali, ambayo ndiyo lugha ya vitabu vyao.

Wabuddha wa Sri Lanka, Thailand na Burma wanafuata madhehebu yaitwayo Theravada, na mtawa wao aliyekamilika huishi chini ya masharti 227. Hashiki pesa. Hali chakula kigumu tangu adhuhuri mpaka alfajiri ya pili. Hali kitu ambacho hakikutiwa mikononi mwake na mtu mwengine, na hakiweki chakula mpaka kesho. Hachimbi ardhi wala hakati mmea. Hagusani na mwanamke, hakai naye faragha, wala halali usiku katika nyumba moja naye. Nilipoelezwa haya mara ya kwanza niliona kama nasomewa sharti za nyumba ya babu yangu, ukiondoa ile ya kuchimba.

Mwezi wa Juni bomba la maji lilipasuka katika nyumba aliyopanga Bhante pamoja na mtawa mwenziwe, na dari likaanguka. Mwenziwe akenda London. Yeye hakuweza kwenda. Alibakiwa na wiki moja tu ya kukabidhi sura mbili za tasnifu yake, na vitabu vyake vyote vilikuwa Leicester. Mume wangu akanijia jikoni na ile sauti yake ya chini.

Nyumba zetu kule ni za matofali mekundu, zimeshikana ukuta kwa ukuta kama za Kibokoni, na nyuma kila nyumba ina kiua. Katika kiua chetu mwenye nyumba alikuwa amekitengeneza chumba kilichokuwa ghala ya makaa, chenye mlango wake na njia yake ya kutokea kichochoroni. Ndicho chumba cha uani, kama tulivyokuwa nacho kwetu kwa ajili ya mgeni wa kiume. Sheria yake ilitaka asilale chini ya paa moja na mimi. Sheria yangu ilitaka kusiwe na khulwa. Kufuli moja ilitosha kwa sheria zote mbili.

Hata hivyo nilisita, wala sitasema uongo kwamba moyo wangu ulikuwa mweupe. Nilihofia masanamu na ubani ndani ya Ramadhani. Nilihofia pia kwamba watoto wangu watamwona mtu akisujudiwa, maana nilikuwa nimeona picha za waumini wao wakipiga magoti mbele ya watawa. Mwenyewe alitangulia kumwambia mume wangu kwamba anajua Waislamu hawamsujudii kiumbe, na kwamba nyumbani kwetu asifanyiwe lolote la namna hiyo. Alikuja na bakuli lake, majoho yake matatu, kompyuta na mizigo miwili ya vitabu.

Suala la pili lilikuwa kubwa zaidi: kumpikia mtu asiyefunga mchana wa Ramadhani. Nilimpigia simu ustadhi wetu. Aliniambia kwamba wanazuoni wametofautiana, wapo waliokataza hata katika madhehebu yetu ya Shafii, na wapo walioruhusu. Yeye mwenyewe alielemea upande wa ruhusa kwa mgeni asiye na wa kumpikia, mradi lifanywe kwa staha, mbali na wanaofunga. Akanikumbusha aya ya nane ya Suratul Mumtahina, inayozungumzia wema kwa wasiotupiga vita katika dini, na ujumbe wa Wakristo wa Najran, ambao wanahistoria wa Sira wanasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapokea msikitini kwake Madina. Mwenye shaka amwulize mwanazuoni wake. Mimi nasimulia nililojibiwa mimi.

Alifika Ijumaa, tarehe 26 Juni. Ilikuwa Ijumaa mbaya. Adhuhuri hiyo mtu mwenye bunduki aliwaua watu 38 katika ufuo wa hoteli mjini Sousse, Tunisia, na 30 miongoni mwao walikuwa Waingereza. Siku hiyo hiyo Kuwait, mlipuko uliwaua waumini 27 wakiwa katika swala ya Ijumaa. Tulifuturu huku televisheni imezimwa kwa ajili ya watoto.

Mavyaa wangu alikuwa nasi tangu Mei. Yeye alikuwa na habari nyengine kifuani. Mwezi huo wa Mei maelfu ya Warohingya wa Burma walikwama baharini, ndani ya majahazi yaliyofukuzwa kutoka pwani moja hadi nyengine, na katika misikiti ya Leicester walikuwa wakichangiwa. Katika sehemu ya wanawake aliambiwa kwamba wako watawa waliowachochea watu dhidi ya Waislamu hao, na jambo hilo lilikuwa kweli. Alionyeshwa picha kwenye simu. Joho lilikuwa rangi ile ile ya joho lililokuwa limeanikwa kwenye kamba yetu ya nguo.

“Mwanangu,” alimwambia mume wangu usiku ule, “nyumba ni yako, nami ni mgeni kama yeye. Lakini mimi sitatoka uani maadamu yumo.”

Siku zikaenda kwa mpango uliozuka wenyewe. Jedwali la nyakati za swala lililobandikwa kwenye jokofu likawa ndilo linalotawala nyumba nzima. Kule Uingereza wakati wa kiangazi saa husogezwa mbele, kwa hiyo jua hupinduka mnamo saa saba na dakika chache mchana wala si saa sita. Bhante hakuangalia saa ya ukutani. Alimwomba mume wangu amwandikie wakati wa adhuhuri kutoka jedwali la msikiti, kwa kuwa dakika ile inayoingiza swala yetu ndiyo inayofunga kinywa chake. Kadhalika alfajiri. Sisi tumefundishwa uzi mweupe na uzi mweusi. Wao wana desturi ya kukunjua kiganja, na mtu akiweza kuona mistari yake kwa nuru ya mbingu, basi kumekucha.

Kwa hiyo nilipika mara moja tu, wakati wa daku. Niliamka saa nane usiku, nikapika ya watu sita badala ya watano, na fungu la sita nikalifunika kwa kawa. Sisi tulipokwisha kutia nia na kuswali alfajiri, na mbingu ikapambazuka sawasawa, mume wangu au mwanangu wa kiume alilichukua sinia mpaka mlango wa uani na kulitia mikononi mwake. Chungu kimoja kililisha watu ambao hawakula pamoja hata mara moja: sisi tulipofunga, yeye alifungua, naye alipofunga, sisi tulikuwa bado na saa nane na nusu mbele yetu.

Nilipata tabu moja tu, nayo ni kwamba mtawa haombi chakula. Hawezi kusema anapenda hiki au hapendi kile. Mwanamke wa pwani asiyejua mgeni wake anapenda nini hana raha, nami nilikuwa nikichungulia sinia linaporudi kama mganga anayetazama bao. Mbaazi za nazi zilikwisha. Wali wa nazi ulikwisha mpaka punje ya mwisho, na ndipo mume wangu aliponiambia kwamba kwao pia wali hupikwa kwa tui, huitwa kiribath, na huliwa siku za heri. Mchana alikula matunda tu, na hayo nayo yana kanuni: tunda lenye mbegu lazima mtu asiye mtawa alitie kisu kwanza. Kazi hiyo mwanangu aliing'ang'ania. Hakuna mtoto wa miaka kumi na miwili aliyepata kukata zabibu moja moja kwa adabu kama ile, naye akiwa amefunga.

Wahenga wetu wamesema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu, Jumatatu, mwanangu alimpelekea jembe kwa mzaha, wakachimbe kitalu cha mchicha, na Bhante akalirudisha kwa masikitiko yaliyochekesha: jembe ndilo hasa alilokatazwa, asije akaua vilivyomo udongoni. Akachukua ufagio. Kiua kile hakijawahi kuwa safi kama wiki ile.

Jumatatu hiyo hiyo nilikwenda kumchukua binti yangu shuleni. Mama mmoja, ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tukisalimiana vizuri, alinisogelea langoni. Hakuwa na sauti ya ugomvi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema anamjua mtu aliyepotelewa na jamaa kule Sousse, kisha akaniuliza: “Watu wenu mnasemaje?” Watu wenu. Nilimpa pole. Nilimwambia kwamba aliyefanya vile hakunituma wala sikumtuma, kwamba siku ile ile waumini waliuawa Kuwait wakiwa katika swala. Alitikisa kichwa kama anayekubali. Lakini nilirudi nyumbani miguu mizito, nimemshika mtoto mkono, nikijiuliza nilikuwa nikijibu nini hasa na kwa niaba ya nani.

Jumatano, tarehe 1 Julai, joto lilifika nyuzi 36.7 katika uwanja wa ndege wa Heathrow, na ikatangazwa kwamba haijapata kutokea siku ya Julai yenye joto kama lile katika kumbukumbu za Uingereza. Nyumba zile zimejengwa ili zihifadhi joto. Tulikuwa tumefunga saa kumi na nane. Kufikia saa mbili za usiku, jua likiwa bado liko, mavyaa wangu hakuweza tena kukaa chumbani. Alisimama, akajifunga leso ya pili, akachukua mbuzi wake wa kukunia nazi, aliyemleta toka Mombasa ndani ya sanduku akisema nazi ya mkebe si nazi, akatoka uani.

Bhante alikuwa amekaa kwenye gogo karibu na mlango wake, anasoma. Mume wangu alikuwa anamwagilia mchicha. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti cha jikoni. Mgeni alipomwona mbuzi alisimama, akamtazama kwa muda. Kisha akamwambia mume wangu kwamba mama yake anacho kifaa hicho hicho, kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno, na kwamba hajakiona kwa miaka minne.

Mavyaa hakuchukuliwa na hilo. Alikaa juu ya mbuzi wake, akapasua nazi, na akiwa ameinamisha kichwa akakuna, akasema kwa Kiswahili: “Mwulize. Wale wanaowafukuza Waislamu Burma, ni wenziwe?”

Mume wangu alisita. Mavyaa akarudia.

Sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Swali lilikuwa la haki. Damu ya watu si jambo la kufunikwa kwa kawa. Na wakati huo huo nililisikia kwa sauti ya yule mama wa langoni. Nilitamani mume wangu alifasiri vibaya.

Alilifasiri sawasawa. Bhante alikifunga kitabu. Alisema: “Ndiyo. Vazi lao ni langu.” Akanyamaza, kisha akaendelea mwenyewe, bila kuulizwa, akataja jambo ambalo sisi hatukulijua vizuri: kwamba hata kwao Sri Lanka, Juni mwaka uliotangulia, baada ya mkutano wa kundi la watawa wenye siasa kali, Waislamu wa Aluthgama na Beruwala walivamiwa, maduka na nyumba zikachomwa, na watu wakafa. Alisema kwamba kijijini kwao mwenye duka la dawa ni Mwislamu, ambaye tangu yeye ni mtoto alikuwa akiipa hekalu dawa bila malipo. Zilipofika habari zile Leicester, mtu wa kwanza aliyempigia simu hakuwa mama yake; alikuwa yule mzee wa dawa. “Nilimwomba radhi. Akaniambia, mbona unaniomba radhi wewe, mwanangu? Sikuwa na jibu.”

Hakutoa udhuru wowote. Sisi ndio baadaye tulikuja kusoma kwamba huko Meiktila, Burma, mwaka 2013, mtawa mmoja mkuu aliwafungulia mamia ya Waislamu milango ya hekalu lake na kukataa kuwatoa kwa waliowafuata na marungu. Yeye hakulitaja hilo, ingawa lingemfaa.

Mavyaa alikuna nazi mpaka kifuu kikabaki cheupe. Kisha akauliza jambo ambalo hatukulitarajia: kwa nini analala huku nje kama mlinzi? Mume wangu akamweleza ile sharti ya paa.

“Kumbe huyu katawa,” akasema. “Tangu lini?”

Tangu miaka kumi na mmoja, Bhante alijibu; wazazi wake walimpeleka hekaluni, na alipofika ishirini akaulizwa upya kama anataka, akakubali.

“Miaka kumi na mmoja. Mimi nilitawishwa na kumi na mitatu. Mwulize, alilia?”

“Siku tatu,” Bhante akasema.

“Mimi wiki,” akasema mavyaa. “Lakini mimi hapana aliyekuja kuniuliza upya.”

Hayo hakuwahi kuyasema mbele yangu kwa miaka kumi na minne niliyokuwa mkewe mwanawe. Mume wangu aliganda na ndoo mkononi. Nadhani naye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Mavyaa akanigeukia kama kwamba hakuna lililopita. “Mwulize, huko kufunga kwake jioni, hata chai hanywi?”

Chai anakunywa, ila isiwe na maziwa. Kwao jioni mtawa hupewa chai ya rangi na sukari, na hilo si kuvunja mwiko. Basi usiku ule, jua lilipotua baada ya saa tatu na nusu, mkeka ulitandikwa uani kwa mara ya kwanza. Wanaume upande wao na mgeni, sisi wanawake karibu na mlango wa jikoni. Simu ikaadhini. Tulifuturu kwa tende na maji, na Bhante akashika kikombe cha mkandaa wa tangawizi na mdalasini, na kwa mara ya kwanza katika siku sita watu wote wa nyumba ile walitia kitu kinywani dakika moja.

Mwezi ulichomoza mpevu juu ya mapaa. Kwa hesabu yetu ulikuwa usiku wa kuamkia kumi na tano Ramadhani. Kwao Sri Lanka kila mwezi mpevu ni sikukuu, nchi nzima hupumzika. Binti yangu akamuuliza nchi yake iko wapi. Mume wangu akajibu kwa niaba yake kwamba Waarabu wa zamani waliiita Sarandibu.

Mavyaa aliweka kikombe chini. “Sarandibu ya Nabii Adam?”

Ndiyo hiyo. Uko mlima kule, wenyeji wanauita Sri Pada, urefu wake mita 2,243, na kileleni pana alama iliyo kama unyayo. Wabuddha wanasema ni ya Buddha, Wahindu wanaihusisha na mungu wao, na Waislamu tangu kale wamesimulia kwamba ni ya Nabii Adam (A.S.) alipoteremshwa duniani. Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, aliupanda mlima huo mwaka 1344 na kuiandika minyororo ya chuma ambayo wapandaji hujishikilia. Mavyaa alikuwa amekisikia kisa hicho chuoni akiwa mtoto, na hakuwa amepata kukutana na mtu aliyetoka huko. Akataka kujua ngazi ni ngapi, baridi ikoje, na kama wanawake wanaruhusiwa kupanda. Bhante, aliyekuwa ameupanda mara tano, alijibu kila swali mpaka ukaadhiniwa wakati wa Isha, akaaga, akarudi chumbani kwake ili sisi tuswali.

Ijumaa, tarehe 3 Julai, saa sita za mchana, Uingereza nzima ilisimama dakika moja kwa ajili ya waliouawa Sousse. Sisi tulisimama uani. Hakuna aliyetwambia tusimame. Nilimwona Bhante naye amesimama mlangoni mwake, macho chini. Jioni nilimpelekea yule mama wa shuleni kisahani cha visheti. Alikipokea.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuondoka. Nyumba yao ilikuwa imetengenezwa, na sura mbili za tasnifu zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na mavyaa alikuwa ameamka na orodha. Mahamri? Hawezi, hawezi kuyaweka mpaka kesho. Kikoi? Haruhusiwi kuvaa ila joho. Pesa ya basi? Mume wangu atamlipia mwenyewe. Sukari? Hiyo anaweza kuiweka siku saba, si zaidi. Mavyaa akakunja uso, mkono kiunoni, kama mtu anayepatana bei sokoni Marikiti.

“Na tangawizi kavu?”

Bhante alicheka, nadhani mara ya pili tu tangu aje. Tangawizi, alisema, kwao huhesabiwa dawa, na dawa ya namna ile mtawa anaweza kuiweka maisha yake yote.

Mavyaa alipanda ngazi mwenyewe, ingawa magoti yake hayapendi ngazi. Tulimsikia akifungua sanduku. Alishuka na mfuko wa karatasi aliokuwa akiutunza kwa ajili ya chai yake, akampa mjukuu wake, naye akautia mikononi mwa mgeni.

“Mwambie mwanangu huyu,” alisema, “aitwange, asiisage kwa mashine.”